Unajikuna Usiku Kucha? Tafuta Chanzo Kwanza

Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni hapa Tanzania. Mwezi wa tano, wiki ya pili hivi, nikaanza kuwashwa. Mwanzoni ilikuwa mikono tu, katikati ya vidole. Baadaye kiunoni, kwapani, makalioni, na ile sehemu ambayo kijana wa kiume haoni raha kumtajia nesi wa kike. Mchana nilijikaza. Lakini usiku, taa za bweni zikishazimwa na mimi nikishajifunika blanketi, kazi inaanza. Nakuna, nakuna, mpaka shuka linapata matone ya damu. Mwenzangu wa kitanda cha juu akawa anagonga ubao kwa kisigino: "Acha bwana, unatikisa kitanda!"

Nilikaa na muwasho huo miezi minne bila kujua ni nini. Na siyo kwamba sikuuliza. Niliuliza kila mtu, na kila mtu alikuwa na jibu lake. Mpishi wa shule alisema ni maharage. Rafiki yangu mmoja alisema nina damu chafu, ninywe maji ya mwarobaini yaisafishe. Nikanywa chupa nzima, uchungu wake naukumbuka hadi leo. Patroni akasema ni uchafu tu, nioge vizuri. Basi nikawa naoga mara tatu kwa siku na kujisugua na dodoki na sabuni ya mche mpaka ngozi ikapauka kama samaki mkavu. Nikazidi kuwashwa. Shangazi yangu, nilipokwenda nyumbani likizo ya mwezi wa sita, alimvuta mama pembeni akamwambia kuna mtu amenichezea.

Mimi mwenyewe nilikuwa na jibu langu, ambalo sikumwambia mtu. Miaka ile ukionekana na vipele mwilini, watu walikuwa wanatazamana tu. Nililala macho wazi nikiwa na hakika kwamba nina UKIMWI, ingawa nilikuwa sijawahi kulala na mtu. Hofu haina hesabu. Nikaacha kukaa mbele darasani, nikaacha kucheza mpira, na mtihani wa muhula nilianguka masomo manne.

Muwasho ni dalili

Kosa letu sote, kuanzia mpishi mpaka mimi, lilikuwa moja. Tulichukulia kuwashwa kama ugonjwa unaojulikana, halafu tukakimbilia kuutibu. Kuwashwa ni dalili, kama homa au kikohozi. Ukiwa na homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa jipu, inaweza kuwa homa ya mapafu. Ngozi nayo ni hivyo hivyo. Kuna mishipa midogo ya fahamu kwenye ngozi ambayo kazi yake ni kuupa ubongo taarifa kwamba kuna kitu kinasumbua. Haitoi jina la hicho kitu. Mdudu, fangasi, sabuni kali, dawa uliyomeza, ini lililopata shida, vyote vinaweza kuleta muwasho unaofanana kabisa.

Halafu kuna mtego. Unapokuna unapata nafuu kidogo, lakini kucha zinajeruhi ngozi, na ngozi iliyojeruhiwa inavimba na kuwasha zaidi. Unakuna tena. Baada ya wiki kadhaa ngozi ya pale inakuwa nene, nyeusi, yenye mikunjo, na sasa hata kile kilichoanzisha muwasho kikiondoka, pale pataendelea kuwasha. Ndiyo maana inafaa kutafuta chanzo mapema, kabla kucha zako hazijachafua ushahidi.

Tyubu za duka la dawa

Mwezi wa saba nilikwenda duka la dawa lililo karibu na shule. Nikamwonyesha muuzaji mkono wangu. Aliuangalia kama sekunde mbili, akageuka, akachukua tyubu kwenye shelfu. Bei yake ilikuwa karibu pesa yangu yote ya matumizi. Nikapaka. Jamani, siku tatu nililala kama mtoto! Nikaona yule muuzaji ni daktari kuliko madaktari wote.

Siku ya kumi muwasho ukarudi, tena na nguvu mpya. Nikanunua tyubu ya pili.

Ngoja nikueleze kilichokuwa ndani ya tyubu ile, maana mpaka leo zinauzwa kama karanga. Krimu nyingi za namna hiyo zina steroidi, kwa mfano betamethazoni au klobetazoli. Steroidi inatuliza uvimbe na muwasho haraka sana, na kwa pumu ya ngozi, ukipimiwa na mtu anayejua, ni dawa nzuri. Lakini haiui mdudu wala fangasi. Inachofanya ni kunyamazisha askari wa mwili. Fangasi akiona askari wamelala, anatanua shamba. Ile duara iliyokuwa na kingo wazi, ambayo nesi yeyote angeitambua, inapoteza sura, inasambaa mpaka mapajani, na sasa hata mtaalamu anapata taabu kuisoma. Na ukipaka miezi mingi ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka mistari, inabadilika rangi. Wasichana wanaozitumia kujichubua wanalijua hilo vizuri, ila wengi wanalijua wakiwa wamechelewa.

Zingine zimechanganywa vitu vitatu pamoja: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi. Ni sawa na kufyatua bunduki gizani ukitumaini utampiga mwizi.

Maswali manne ya nesi

Mwezi wa tisa patroni alichoka na mimi, akanipeleka zahanati. Nesi alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hapana, usinionyeshe kwanza. Nieleze."

Hakugusa mkono wangu kwa dakika kumi nzima. Alikuwa anauliza tu, na nikiyapanga maswali yake naona yalikuwa manne. Lilianza lini? Linawasha wapi, na wapi haliwashi? Umepaka nini na umemeza nini? Nani mwingine anawashwa?

Nikajibu. Nikamwambia mwezi wa tano. Nikamwambia sehemu zote, hata ile ya aibu, maana aliiuliza mwenyewe bila kubadilisha sauti, kama anayeuliza bei ya nyanya. Usoni na kichwani haliwashi. Nikataja tyubu mbili, mwarobaini, na dodoki. Kuhusu nani mwingine, nikasema hakuna.

"Hakuna, au hujauliza?"

Nikanyamaza.

"Sasa rudi nyuma. Mwezi wa tano toa wiki sita. Ulikuwa wapi? Ulilala na nani?"

Nikahesabu kwa vidole. Wiki sita kabla ilikuwa likizo ya Pasaka. Babu alikuwa amefariki, tukaenda matangani kijijini. Watoto tulilala saba kwenye mkeka mmoja, chini ya blanketi mbili, siku tano.

"Na kati ya hao saba kulikuwa na anayejikuna?"

Binamu yangu. Alikuwa anajikuna kila usiku, tena tulimcheka.

Ndipo akauvuta mkono wangu karibu na dirisha. Akachukua kalamu yake ya wino, akapaka wino kwenye kifundo cha mkono, kwa upande wa ndani, akaufuta kwa pamba yenye spiriti. Wino ukatoka wote, isipokuwa pale palipobaki kamstari kembamba kama uzi, kamepinda, urefu wa milimita chache. "Umeona? Hiyo ndiyo njia yake. Anachimba, wino unaingia kwenye shimo." Kipimo hiki hakifanikiwi kila mara, hasa ngozi ikiwa imeshachanika kwa kucha, lakini siku ile kilifanikiwa na mimi nikaona kwa macho yangu.

Upele. Basi. Siyo maharage, siyo damu chafu, siyo mtu kanichezea. Mdudu.

Mdudu mwenyewe

Mdudu wa upele ni wa jamii ya utitiri. Jike ana urefu unaopungua nusu milimita, kwa hiyo kwa macho matupu ni kama kidoa tu, ukibahatika. Tangu mwaka 1687 daktari wa Italia, Giovanni Cosimo Bonomo, alishaeleza kwamba upele unaletwa na mdudu huyu, wakati wenzake bado wanalaumu damu. Hivyo hadithi ya damu chafu siyo ya kwetu peke yetu.

Jike anachimba njia kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai mawili matatu kila siku. Mtu mzima mwenye upele wa kawaida ana wadudu kama kumi hadi kumi na tano tu mwili mzima. Ni wachache hivyo! Muwasho wote ule unatokana na mwili kuwakataa wao, mayai yao na kinyesi chao. Na kama ni mara yako ya kwanza kuupata, mwili unachukua wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kuwakataa. Wiki zote hizo wewe huwashwi, lakini unaambukiza.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Ukiwashwa leo, unamtafuta mchawi wa jana: chakula cha jana, sabuni ya jana, shati jipya la jana. Mchawi mwenyewe alikuja mwezi mmoja na nusu uliopita na umeshamsahau. Ukishawahi kuupata ukapona, safari ya pili unawashwa ndani ya siku moja hadi nne, kwa sababu mwili unamkumbuka.

Anahama kwa ngozi kugusana na ngozi kwa muda, kama kulala kitanda kimoja, kubeba mtoto, kufanya mapenzi. Kusalimiana kwa mkono haraka haraka ni nadra kumwambukiza mtu. Nje ya mwili wa binadamu hafikishi zaidi ya siku mbili tatu. Na kuoga hakumwondoi, kwa hiyo yule patroni alinionea. Anapenda msongamano: mabweni, magereza, kambi za wakimbizi, nyumba ambazo watoto wanne wanalala godoro moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 duniani wana upele, na mwaka 2017 uliingizwa kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Barua ya mama

Wiki hiyo hiyo niliyotoka zahanati, nikapata barua kutoka nyumbani. Mama aliandika kwamba mdogo wangu wa mwisho, wa miaka minne, amelazwa. Likizo ya mwezi wa sita nililala naye kitanda kimoja. Alianza kujikuna mimi nikiwa nimesharudi shule. Akapata vidonda, vidonda vikatunga usaha, na asubuhi moja akaamka uso umevimba, macho hayafunguki, na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi.

Nilimpelekea nesi ile barua. Aliisoma mara mbili. Akanieleza kwamba kucha zinapochana ngozi, bakteria wanaingia, na aina moja ya bakteria hao inaweza kuleta shida kwenye figo wiki chache baadaye. Ndiyo maana ya uso kuvimba na mkojo mweusi. Akaandika barua yake mwenyewe kwenda kwa daktari wa kule, kueleza kwamba nyumba ile ina upele na unatakiwa utibiwe kwa wote.

Mdogo wangu alipona baada ya wiki tatu hospitali. Leo ni mama wa watoto wawili. Lakini kijana mwenzangu, ukisikia mtu anasema "ni upele tu huo, utaisha", mkumbushe habari ya figo.

Kutibu, na kwa nini inaonekana kama dawa imeshindwa

Niliporudi bwenini nikauliza lile swali la nne kwa sauti. Nani mwingine anawashwa? Kimya. Halafu yule wa kitanda cha juu, yule wa kisigino, akakunja mkono wa shati. Akafuata mwingine. Kati ya wavulana kumi na sita tulikuwa tisa, kila mmoja amejificha na tyubu yake chini ya mto.

Dawa tuliyopewa ilikuwa BBE, ile nyeupe kama maziwa, yenye benzili benzoeti. Jumamosi usiku tukapakana wote kumi na sita, wanaowashwa na wasiowashwa, kuanzia shingoni mpaka nyayoni: kitovuni, chini ya kucha, katikati ya makalio, sehemu za siri. Inachoma! Wavulana walikuwa wanaruka bwenini kama wanacheza ngoma. Tukapaka usiku tatu mfululizo kama tulivyoagizwa, na tukarudia baada ya wiki. Ukinawa mikono unapaka tena, kwa sababu vidoleni ndiko wanakopenda. Mashuka na nguo tulifua na kuanika kwenye jua kali, na vile visivyofulika nilivifungia kwenye tranka siku nne wafe njaa.

Siku hizi zipo pia krimu ya pemethrini, ambayo hupakwa usiku mmoja na kurudiwa baada ya kama wiki, na vidonge vya ivamektini, vinavyopimwa kwa uzito wa mtu na kumezwa mara mbili kwa kupishana wiki moja hadi mbili. Mjamzito na mtoto mdogo wasipewe vidonge hivyo kiholela. Na mtoto mchanga asipakwe BBE ya watu wazima, ni kali mno kwake. Mwenye vidonda vya usaha anahitaji antibiotiki pia. Yote haya waulize zahanati.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipokosea. Baada ya kupaka, nikaendelea kuwashwa. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Nikasema dawa imeshindwa. Nikaiba masalio ya chupa nikapaka siku tano zingine, kwa siri. Ngozi ikawa nyekundu na kuwasha kuliko mwanzo. Nesi aliponiona alinigombeza kweli kweli. Wadudu walishakufa, akasema, lakini mizoga na mayai matupu bado yamo ndani ya ngozi, na mwili unaendelea kuyakataa wiki mbili hadi nne mpaka ngozi ijivue yenyewe. Zaidi ya hapo, BBE ikizidi yenyewe inawasha. Nikaambiwa nipake mafuta ya kawaida yasiyo na manukato, nisubiri. Kama baada ya wiki nne bado, au vinatokea vipele vipya, ndipo turudi kuuliza kuna nani hakutibiwa.

Kama ni wewe peke yako unayewashwa

Siyo kila anayejikuna ana upele, na hapa yale maswali manne yanafanya kazi tena.

Kama linawasha sehemu moja au mbili, hasa kinenani, chini ya matiti au kiunoni, na kuna duara lenye kingo zilizoinuka na magamba huku katikati kumetulia, fikiria fangasi. Wengi tunaliita choa au mashilingi. Chupi mbichi iliyoanuliwa haraka ni rafiki yake mkubwa. Linatibika kwa dawa ya fangasi isiyo na steroidi, kwa wiki kadhaa, na unaendelea kupaka hata pakishaonekana pamepona.

Kama umekuwa nalo tangu utotoni, linakwenda na kurudi, linakaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na kwenu kuna mwenye pumu ya kifua au mafua yasiyoisha ya kupiga chafya, hiyo inaelekea pumu ya ngozi. Haiambukizi. Sabuni kali na maji ya moto ni adui zake, mafuta mazito baada ya kuoga ni dawa ya kila siku.

Mabaka yaliyovimba kama umeumwa na siafu wengi, yanayotokea hapa yakatoweka kabla ya siku kuisha na kuibuka pengine, ni mzio. Dawa, samaki, karanga, maambukizi, na mara nyingi chanzo hakipatikani kabisa, nayo huisha yenyewe. Ila midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikabana, usingoje kesho. Hospitali hapo hapo.

Angalia pia umbo la sehemu inayowasha. Duara chini ya kitovu, sawasawa na bakoli ya mkanda? Masikio yote mawili pale penye hereni? Chuma cha bei rahisi huwa na nikeli, na wapo ambao ngozi zao hazielewani nayo. Na dada zangu, hasa wa Unguja na Pwani: piko. Hina ya majani ina rangi ya kahawia na mara chache humsumbua mtu. Piko nyeusi inayopakwa kwa ajili ya harusi mara nyingi ni rangi ya nywele, ina kemikali inayoweza kuchoma ngozi siku chache baadaye kwa kufuata maua yale yale uliyochorwa. Likishakukataa mara moja, litakukataa kila utakapopaka rangi nyeusi ya nywele, pengine kwa ukali zaidi.

Kwa mtu aliyekulia Mahenge kule Ulanga, au Tukuyu, au sehemu nyingine yenye mito inayokwenda kasi, kuna swali la ziada. Inzi wadogo weusi wa usubi huzaliana kwenye maji hayo na kumwachia mtu minyoo. Watoto wa minyoo hiyo hutembea ndani ya ngozi na kuleta muwasho wa miaka, ngozi inayozeeka kabla ya mwenyewe, na wakifika machoni, upofu. Minyoo mikubwa huishi miaka kumi na zaidi, ndiyo maana mtu anaweza kuhamia Dar es Salaam akaendelea kujikuna bila mtu kufikiria mto wa kwao. Kampuni ya Merck ilianza mwaka 1987 kutoa bure ivamektini kwa ajili ya usubi. Dawa hiyo huua wale watoto wa minyoo lakini siyo mama zao, kwa hiyo humezwa tena na tena. Mtaje nesi kijiji ulichokulia hata asipokuuliza.

Na ile hofu yangu ya 1997? Haikuwa upuuzi mtupu. Wapo wenye virusi vya UKIMWI wanaotokwa na vipele vinavyowasha mikononi na miguuni na kuacha madoa meusi. Lakini huwezi kulijua hilo kwa kutazama ngozi. Linajulikana kwa kipimo cha damu, nacho kinatolewa bure, na dawa za kufubaza virusi zikianza kazi vipele hivyo kwa kawaida hupungua. Nililala miezi minne na hofu ambayo siku hizi kipimo cha dakika ishirini kingeiondoa.

Kuwashwa bila kipele

Umebakia ule muwasho ambao ngozi ni safi, hakuna kitu, ila unawaka. Alama zilizopo ni za kucha tu. Mwombe mtu akutazame katikati ya mgongo, pale mkono usipofika. Kama pale ni safi na kwingine kote kuna mikwaruzo, basi vipele umevitengeneza mwenyewe, na chanzo kiko ndani.

Kwanza fikiria dawa. Wazazi wetu wanaikumbuka klorokwini, ambayo iliwawasha Waafrika wengi usiku kucha bila kipele hata kimoja. Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa sababu malaria ilikuwa imeizoea, lakini zipo dawa nyingine zinazofanya hivyo. Baada ya dawa, ini: angalia kama macho yana manjano au mkojo umekuwa mweusi. Figo, tezi ya shingo na upungufu wa madini ya chuma navyo vimo. Msichana mwenye mimba kubwa anayewashwa viganja na nyayo aende kliniki siku hiyo hiyo, kwani linaweza kuwa ini na linaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na kuwashwa kunakoambatana na kukonda, jasho la usiku linalolowesha shuka, au tezi zilizovimba shingoni au kwapani, ni kazi ya daktari na vipimo, siyo ya duka la dawa.

Kabla ya kwenda, chukua karatasi ya daftari. Andika tarehe ulipoanza kuwashwa, halafu rudi nyuma wiki sita uandike ulilala wapi na nani. Chora mtu, utie alama panapowasha. Andika kila ulichopaka na kumeza, hata cha mganga, hata cha kujichubua, na kama una tyubu zenyewe zitie mfukoni uende nazo. Usipake kitu asubuhi hiyo. Na usiku wa kuamkia, uliza chumbani kwenu, kwa sauti, nani mwingine anawashwa.